Mlango wa Mapacha

Nilitoka Voi kwa treni ya alasiri nikiwa na sanduku la bati, blanketi moja na barua iliyosema kwamba nimekubaliwa kuwa dereva wa kituo cha uzazi huko Kakamega. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kujifunza kuendesha gari katika shamba la mkonge, na sikuwa nimewahi kwenda mbali kuliko Mombasa. Nairobi nilibadilisha treni bila kuuona mji, kwa sababu niliogopa kuliacha sanduku. Baada ya Nakuru baridi ilinishika hata nikavaa mashati yangu yote matatu, moja juu ya jingine, na bibi mmoja aliyekaa mbele yangu na kikapu cha vitunguu akaniuliza kama ninahama au ninatoroka. Nikamwambia naenda kazini. Akasema wote husema hivyo. Kisumu nilipanda basi lililojaa mabati juu na magunia ya omena chini, tukapanda Maragoli katikati ya yale mawe makubwa yaliyopandana, kana kwamba mtu alikuwa akiyapanga kisha akaitwa kwingine. Mvua ilitukuta huko huko. Siku ya tatu nilishuka Kakamega kwenye tope jekundu, na mtu wa kwanza kunisemesha alikuwa mwanamke mnene wa makamo, sare nyeupe, gambuti nyeusi, mwavuli chini ya kwapa wala hajaufungua.

"Wewe ndiye dereva?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi si mama yako, mimi ni Sista Rasoa. Unatoka Pwani?"

"Voi, Sista. Si Pwani hasa."

"Kuna bahari?"

"Hakuna."

"Basi kuogelea utajifunzia hapa," akasema, huku akitazama viatu vyangu vya turubai vikizama.

Mwaka huu nimesikia kwamba amefariki. Nilikuwa Isiolo, katika nyumba ya wageni ambayo kuta zake ni mbao tupu, nikinywa chai, na meza ya pili muuguzi mmoja kijana alikuwa akimsimulia mwenzake mazishi aliyokwenda wakati wa mvua ndefu: wanawake walivyojaa mpaka wengine wakakaa shambani kwa watu, na kila mmoja akidai kwamba marehemu ndiye aliyempokelea mtoto wake wa kwanza. Nilijua ni nani kabla hajataja jina. Niliuliza maswali mawili matatu ya adabu, nikalipa chai, nikatoka. Nina miaka arobaini na kitu, nimeendesha magari katika miji ambayo mingine nimeisahau, na popote nilipokaa sikukaa zaidi ya miaka miwili. Watu huniuliza mbona. Huwa najibu kwamba napenda safari. Siku ile, nikiwa nimesimama nje ya mlango wa Isiolo na vumbi likinipiga usoni, niliona kwamba jibu lenyewe liko Kakamega, katika mwaka ule mmoja, na kwamba sikuwahi kulisema kwa sauti ila kwa yule mama ambaye sasa amezikwa.

Nilipewa chumba nyuma ya nyumba ya Mama Zubeda, mjane kutoka Mumias aliyekaanga mandazi na kuyauza asubuhi. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la ubao na msumari mmoja wa kutundikia nguo. Kilichokitenga na jikoni kwake ni ukuta wa udongo usiofika juu, hivyo moshi wake ulikuwa moshi wangu na maneno yake maneno yangu, isipokuwa kwamba alizungumza na binti zake Kiluhya na mimi sikuelewa ila neno "Mpwani," lililofuatwa na vicheko. Kila siku aliniletea sahani kwa mkono wake. "Asalaam aleikum, Mwadime. Kula obusuma, uwe mzito, upepo usikubebe." Ugali wao ulikuwa mgumu wa kukatika vizuri, na mboga ya mrenda iliteleza kwenye vidole vyangu mpaka nikaona haya kula mbele za watu. Ingokho, kuku wao, ilipikwa akija mgeni, nami kwa miezi michache ya kwanza nilihesabiwa mgeni, baadaye nikaacha kuhesabiwa. Nilikula peke yangu, mlango wazi, nikitazama mvua ya alasiri ikija kutoka upande wa msituni kwa saa ile ile kila siku. Sijui kama kuna upweke mkubwa kuliko wa kukaa mahali ambapo watu wote ni wema kwako na hakuna anayekufahamu.

Kazi ilikuwa kumpeleka Sista Rasoa. Wanawake wengi wa vijijini hawakuja hospitali. Njia ilikuwa ndefu, na walikuwa wamesikia kwamba huko watu hupasuliwa. Walijifungulia nyumbani mikononi mwa mama mkwe au kikongwe wa jirani, nao Sista hakuwagombeza. Alifika na sabuni, wembe mpya katika karatasi yake na uzi uliochemshwa, akavua saa, akakaa chini kando ya yule kikongwe kama msaidizi wake. "Mama, wewe ndiye mkubwa hapa," angesema, "mimi nakushikia tu." Na kikongwe, akiwa ameheshimiwa, angeuchukua wembe mpya na kuuacha ule wa zamani. Niliyasikia hayo kwake, sikuyaona. Mwanamume hakaribii nyumba ya mzazi. Gari lilibaki penye ua, wakati mwingine mbali kabisa, kando ya miwa, na mimi ndani yake nikisoma gazeti la mwezi uliopita. Kwa sababu ya umbali huo, Sista aliniwekea alama. Akitoka mlangoni na kuinua vidole viwili, maana yake mama na mtoto ni wazima, washa gari twende zetu. Akiinua kimoja, maana yake ningoje, kwa kuwa kuna kilio na yeye haondoki katikati ya kilio. Akipunga kitambaa, nilisogeza gari hadi mlangoni tukampeleka mzazi hospitali. Mkono wangu ulikuwa ukikaa kwenye ufunguo, macho mlangoni. Nikiona viwili nilizungusha ufunguo kabla hata sijafikiri.

Sokoni Khayega vijana waliniita dereva wa matumbo. "Leo umebeba mimba ya nani?" wangepaza sauti nikipita polepole kwenye mashimo. Sista angeteremsha kioo: "Ya mama yako. Anakuletea ndugu mwenye adabu." Nilicheka naye, na kicheko hicho kilinitosha siku nzima. Bendera ilikuwa imebadilishwa juzijuzi na watoto wengi wa kiume walipewa jina moja. "Uhuru wa tano wiki hii," alininung'unikia siku moja akikamua maji kwenye soksi. "Wakifika shule, mwalimu ataita mmoja, darasa lote lisimame."

Kila Alhamisi alipima wajawazito sokoni Navakholo, katika chumba alichoazimwa na mwenye duka. Alhamisi moja, asubuhi, alikuja mtu mwenye baiskeli anayeitwa Makokha, jasho limemlowesha. Mkewe Nanjala alikuwa amejifungua mapacha siku mbili kabla, wavulana. Sasa alikuwa anatetemeka na hasemi mambo ya maana. Tuliiweka baiskeli juu ya gari tukaenda. Nyumba ilikuwa ya udongo, imesilibwa vizuri, mlango umefungwa, na mbele yake amekaa mama yake Makokha, kikongwe mwembamba, miguu ameinyosha, kama mtu aliyepanga kukaa hapo. Safari hii niliweza kuegesha karibu, na nikasikia yote.

"Mulembe, mama," Sista alisema.

"Mulembe, Sista. Karibu, lakini hapa nje."

"Nimekuja kumwona mzazi."

"Huwezi. Ni mapacha. Hapa kwetu mlango wa mapacha hatufunguanga hivi hivi. Mimi nilimzalisha, natokanga na kuingia. Mwingine akiingia kabla mlango haujafunguliwa, watoto watapofuka."

"Anafungua nani?"

"Mwenye kuzaa mapacha, ama mwenye kuzaliwa pacha. Wetu wa kufungua ameenda Musanda kwa binti yake. Tumetuma mtu. Atakuja kesho."

"Kesho?"

"Ama kesho kutwa."

Sista alikwenda ukutani, akaweka mdomo karibu na udongo. "Nanjala! Unanisikia?" Sauti ilitoka ndani, ndogo, iliyokauka. Ilisema baridi. Jua lilikuwa limesimama juu ya vichwa vyetu. Sista akamgeukia kikongwe. "Mama, kondo la nyuma lilitoka lote?" Kikongwe alisema lilitoka. "Lote?" Kikongwe akatazama miguu yake.

Alirudi akakaa kando yangu garini, akafunga mlango taratibu. "Naweza kuusukuma huu mlango kwa bega," akasema. "Huyu Makokha hatanizuia, anatamani nifanye hivyo. Nitampata huyu mmoja. Na watoto wakiugua hata mafua, itasemwa ni mimi, na wengine wote wa upande huu watafia ndani bila kuniita. Nilishaona." Akaanza kuuma ukucha, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Nilishika usukani.

Naandika hapa nilichokuwa nakijua wakati huo, na Sista hakukijua wala Mama Zubeda wala mtu yeyote katika wilaya ile: mimi ni pacha. Ndugu yangu alitangulia kutoka, akaishi mpaka jioni, akafa kabla ya kupewa jina. Nyumbani halikuwa jambo la kuzungumzwa, na mimi nililibeba kama mtu anavyobeba kovu lililo chini ya shati. Nilikaa nikijiuliza kama pacha aliyebaki peke yake ni pacha, na kama kikongwe atanitaka au atanifukuza kama balaa. Kivuli cha mti kilikuwa kwenye gurudumu la mbele tulipofika. Niliposema, kilikuwa kimefika la nyuma.

"Sista, mimi ni pacha."

Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Na umekaa?"

Kikongwe aliugeuza uso wangu kwenye mwanga kwa kidole kidevuni. "Wewe? Mtu wa bahari? Mwenzako yuko wapi?"

Ningeweza kusema. Nilimwona Makokha nyuma yake, mikono kichwani. Nilisikia ukutani ile sauti ndogo. "Yuko Voi," nikasema.

"Mzima?"

"Mzima."

"Anaitwa nani?"

Nikampa jina la kijana niliyekaa naye dawati moja shuleni. Kikongwe akatikisa kichwa, akaridhika. Alinipaka unga wa wimbi kwenye paji la uso, akanigeuza, akaniamuru niende kinyumenyume na kuusukuma mlango kwa mgongo huku yeye akiimba. Mlango ukafunguka. Kwa kuwa niliingia kinyumenyume, nilisikia harufu ya chumba kile kabla ya kukiona: moshi, damu, na kitu kitamu kilichooza. Nilipogeuka, Nanjala alikuwa kwenye mkeka, macho yakimetameta, na kando yake watoto wawili ndani ya leso moja. Mmoja alilia. Mwingine hakulia, ila alichezesha mdomo kama anayeonja kitu. Huyo ndiye niliyembeba mimi hadi garini, kwa sababu Sista na Makokha walimbeba mama, na yule aliyelia kifuani mwake. Alikuwa mwepesi kuliko gazeti langu.

Njiani Nanjala alizinduka kidogo, kichwa mapajani mwa Sista. "Wewe ndiye pacha?" akaniuliza.

"Ndimi, mama."

"Mwenzako mnafanana?"

"Sana."

"Anafanyanga kazi gani?"

"Naye ni dereva."

"Basi mnapishana barabarani," akasema, akatabasamu, na Sista akamwambia anyamaze, aziweke nguvu.

Hospitali niliegesha chini ya mikaratusi nikangoja. Wagonjwa walitoka kuota jua, wakaingia. Mvua ikaja kwa saa yake, ikaisha. Kisha Sista akatokea barazani, mikono imeoshwa mpaka kwenye viwiko, akanitafuta kwa macho, akainua vidole viwili. Gari lilikuwa limeshawaka ndipo nikakumbuka kwamba tulileta watatu.

Sikumuuliza kamwe kama zile saa nilizokaa kimya ndizo zilizomuua mtoto. Nilimuuliza siku moja kwa kuzunguka, nikisema labda alikuwa mdogo mno. Akasema, "Alikuwa mdogo." Kisha akasema, "Endesha." Nimeyapima maneno hayo matatu kwa miaka ishirini na zaidi na bado sijui uzito wake.

Lakini habari ya mlango ilienea. Nilianza kuitwa. Mapacha walipozaliwa Khayega, watu walimjia Mama Zubeda wakimwomba yule Mpwani wao, naye akawa mtu mkubwa kwa ajili yangu; vicheko vya jikoni vilikoma, na sahani yangu ikawa na ingokho tena. Nilifungua milango miwili mingine. Kila mlango uliniuliza habari za ndugu yangu, na kila mara nilimwongezea kitu. Alioa. Alinunua baiskeli. Alikuwa na tatizo la jino. Naona haya kusema kwamba nilianza kumpenda. Nikiwa peke yangu garini nilimwaza huko Voi akifuta kioo cha gari lake, na kwa muda wa miezi miwili chumba changu hakikuwa kitupu.

Kisha Nanjala alikuja kliniki ya Navakholo na mtoto wake aliyebaki. Alikuwa amenenepa, mtoto ana mashavu. Sista alipomaliza kumpima, Nanjala alinifuata kwenye gari, jambo ambalo wanawake hawakulifanya, akasimama dirishani akimtikisa mtoto begani.

"Nilitaka nikuulize, kwa sababu wewe unajua," akasema. "Huyu, akilala, mkono wake unapapasa upande. Kila siku. Kama anatafuta. Mama mkwe anasema ataacha. Ataacha?"

Nikasema sijui.

"Wewe una bahati, wako yuko. Lakini labda huko kwenu unamjua mtu aliyebaki mmoja. Mtu mzima. Nataka mtu wa kuniambia tu inakuwanga namna gani, ili nijue nitamlea vipi."

Mtoto aligeuza kichwa akanitazama. Katika Kakamega nzima, pengine nilikuwa mtu pekee aliyeweza kumjibu yule mama. Ningemwambia kwamba mkono huacha kupapasa, kitu kingine huendelea. Kwamba mtoto asifichwe, aambiwe alikuwa na mwenzake, apewe na jina lake, ili asije akamtafuta bila kujua anatafuta nini. Lakini ndugu yangu alikuwa Voi na baiskeli yake. Nikimwondoa, nilikuwa naifunga upya milango mitatu, na mlango wa kwanza ulikuwa wake yeye Nanjala.

"Hapana," nikasema. "Simjui mtu kama huyo."

Akanishukuru. Alinishukuru, akaenda zake.

Wiki hiyo hiyo niliandika barua ya kuacha kazi. Mwezi wa mwisho nilimpeleka Sista kama kawaida, naye hakuuliza chochote mpaka safari yetu ya mwisho ya kutoka Navakholo, miwa pande zote mbili na tope limetulia. Nilisimamisha gari katikati ya njia nikamwambia yote: jioni ile ya kuzaliwa kwangu, dawati la shule, Nanjala dirishani. Alisikiliza, mikono juu ya mfuko wake wa kazi. Nilidhani atanigombeza.

"Na ulikuwa ukirudi kula peke yako kwa Zubeda na hilo tumboni," akasema hatimaye. "Kwa nini hukuniambia, Mwadime? Nimepokea watoto wangapi, nikafunga na wangapi waliokufa kwenye kitambaa. Ulidhani mimi ningeshtuka?"

Nilikifuta kioo cha mbele kwa kiganja.

"Mwambie Nanjala mwenyewe."

"Siwezi, Sista."

"Basi nitamwambia mimi. Nitangoja mtoto atambae kwanza, kikongwe asahau. Nimwambie nini?"

"Mwambie wampe yule mwingine jina," nikasema. "Mimi wangu hana, ndiyo sababu nimemwita jina la kuazima."

Siku ya kuondoka Mama Zubeda alinifungia mandazi kwenye gazeti, akanisomea dua mlangoni. Nilitangulia stendi kabla ya mvua, nikapata kiti cha dirishani katika basi la Kisumu. Sikutarajia mtu. Sista Rasoa hakuwa mtu wa kusindikiza. Siku zote yeye ndiye aliyeondoka na mimi ndiye niliyengoja. Lakini injini ilipokuwa inanguruma nikaziona gambuti zikikanyaga maji kutoka upande wa hospitali, sare nyeupe, mwavuli umefungwa chini ya kwapa. Hakukimbia. Alisimama mbali, kwenye kibaraza cha duka, kama alivyosimama kwenye milango ya watu mwaka mzima, akatafuta madirisha moja moja mpaka akanipata. Kiti cha pembeni yangu hakikuwa na mtu. Akanitazama, akainua vidole viwili.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kutafuta ufunguo.